Kamba Iliyokatwa Vizuri Mno

Mwezi wa Oktoba mjini Élisabethville hakuna mtu anayefanya kazi kwa akili timamu. Mijakaranda inachanua yote kwa wakati mmoja, barabara zinakuwa zambarau juu na zambarau chini, na mtu aliyetumwa kununua chumvi anarudi na sukari. Adalbert Nkandu, karani wa polisi, aliujua udhaifu huo wa mji wake, na kila Oktoba aliandika kila kitu mara mbili ili asije akaaibika.

Ijumaa hiyo asubuhi alisimama chini ya mjakaranda mmoja mkubwa, begani amebeba kamba ya katani iliyokatika vipande viwili. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi tu uliopita, na mti wote ulikuwa unadondosha maji polepole, tone baada ya tone, kana kwamba unafikiria kwanza kila moja. Maua yalimwangukia kwenye kofia. Aliyaacha.

Jumanne, chini ya mti huu huu, Clément Bwalya, wa kikosi cha miti cha mji, alianguka. Alikuwa juu kiasi cha mita saba, akijizoeza kukata tawi kavu kwa ajili ya mtihani wa cheti cha upogoaji wa miti. Alikutwa kwenye majani, mguu wa kulia umepinda, kiunoni amefungwa kipande cha kamba kisichofika hata mita moja. Kipande kirefu kilining'inia kwenye tawi la chini. Kamba ilikuwa imekatwa kwa kisu, na mwenye kisu alikuwa mmoja tu: Godefroid Mumba, mwenzake wa kazi, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani ule ule.

Tangu siku hiyo Godefroid alikuwa buloko, yaani chumba cha mahabusu nyuma ya komisaria ya polisi, na hakusema neno moja la kujitetea. Mtihani ulikuwa kesho, Jumamosi. Mwaka huo wa 1953 ulikuwa wa kwanza kwa kikosi cha miti kuwaruhusu watu weusi kuufanya, na kwenye orodha walikuwa wawili tu, Clément na Godefroid. Komisaa wa polisi alikuwa amempa Adalbert mpaka jioni. Jioni ikifika bila habari nyingine, Godefroid angepelekwa gereza kuu kwa kosa la kutaka kuua.

"Kapita," Adalbert alimwita Chileshe, msimamizi wa kikosi, mtu mwembamba aliyekuwa akipiga mluzi huku akijifanya anakagua msumeno. "Siku ya Jumanne ulikuwa wapi?"

"Nilienda ku depo kutafuta goudron, ile lami ya kupakala bidonda ya miti. Kurudia tu, nakuta Clément iko chini, na Godefroid iko pembeni yake, analia, kisu mu mukono. Baba, miye sikusema ni yeye. Nilisema tu bile nilionaka."

"Na mvula?"

"Ilinyesha asubui yote, sawa leo. Ilisimama kidogo tu mbele Clément apande. Muti yote ilikuwa naanguka mayi."

"Muzuri. Basi panda. Chukua kamba ya kazi, jifunge sawa mutu wa examen, ukae kule juu kidogo, halafu ushuke."

Chileshe alitazama juu, akatazama viatu vyake, akaona karani hatanii. Alipanda. Adalbert, ambaye kizunguzungu humpata hata akisimama juu ya kiti, alimwangalia kwa heshima. Kila kapita aliposogea, kamba ilipita kwenye panda ya matawi, ikavutwa, ikalegea, ikavutwa tena. Maua yalianguka kwa wingi, na kwa muda Adalbert alisahau kwa nini yuko pale. Aliona tu mtu anaelea ndani ya rangi.

Chileshe aliposhuka, Adalbert aliishika ile kamba. Ilikuwa nzito kwa maji. Ilikuwa imepakwa utelezi mweusi wa gome, na maua yaliyopondwa yameingia katikati ya nyuzi zake. Kule juu kwenye panda, gome lilikuwa limesuguliwa na kubaki alama ya kahawia iliyoonekana hata kutoka chini.

"Kabla ya leo ulionaka alama sawa ile mu hii muti?"

"Hapana. Hakuna mutu amepanda tangu Clément."

Adalbert akashusha kamba ya ushahidi begani. Ilikuwa safi. Doa lilikuwa mahali pamoja tu, pale ilipolala juu ya tawi la chini. Halafu akakumbuka karatasi. Jumanne, kabla ya saa moja kupita tangu ajali, yeye mwenyewe aliizungushia kamba hii kikaratasi na kuandika kwa kalamu ya wino: kamba, ajali ya Bwalya, kipande kirefu. Herufi zake zilikuwa bado zimenyooka kama alivyoziandika. Akachana karatasi nyingine, akaizungushia kamba ya Chileshe, akaandika maneno yale yale. Wino ulitambaa papo hapo, na neno la kwanza likawa kiraka cha buluu.

Alisubiri kidogo, akaandika tena kwenye karatasi ya pili. Kiraka kingine.

"Kapita," alisema, "hii kamba ya Clément haikupanda muti."

"Eh! Njo ile ilikuwa mu kiuno yake!"

"Mu kiuno, eyo. Lakini ku muti haikufika."

Asubuhi hiyo Chileshe hakupiga mluzi tena.

*

Penye lango la depo ya kikosi cha miti alikaa mama Wivine, aliyewauzia wafanyakazi mikate ya mafuta tangu wengine wao hawajaota ndevu. Yeye ndiye aliyekuwa amemwambia polisi wa kwanza kuhusu ugomvi wa Jumatatu kati ya Clément na Godefroid, na kwa maelezo yake komisaa aliona kesi imekwisha. Adalbert alinunua mikate miwili, kwa sababu kumhoji mama Wivine bila kununua kitu ni kupoteza muda.

"Mama, ile Jumatatu, walipigana juu ya nini?"

"Hawakupigana. Godefroid njo alikasirika. Alichukua kamba, akaitupa mbele ya miguu ya Clément, paa! Akasema maneno ya kwabo Mitwaba, sikuyasikia muzuri. Muntu anatupia mwenzake kamba sawa vile, iko bupendo?"

"Na Clément?"

"Clément alicheka. Akairuka ile kamba, akaenda kazi."

"Alienda na kamba?"

Mama Wivine alifikiri, mkono juu ya mfuniko wa sufuria. "Hapana. Kamba ilibakia chini. Godefroid njo aliiokota, akaiweka mu kisanduku ya pousse-pousse, ile gari ya kusukuma. Alikuwa nasema-sema peke yake."

"Mama, unayua juu ya nini walikasirikiana?"

"Bantu yote banayua! Juu brevet iko moya tu. Bazungu hawawezi kupa bantu beusi mbili mu mwaka moya. Moya anapata, mwingine anabakia kubeba matawi. Njo vile shetani anaingia."

Hapo ndipo kesi yote ilipokuwa imesimama: vijana wawili, cheti kimoja, kisu kimoja. Adalbert alimaliza mkate wake, akapangusa vidole, akaenda kwenye mlango wa depo, ambako tangazo la mtihani lilikuwa limebandikwa. Karani wa kweli hamwamini mtu, hata anayekaanga vizuri. Alilisoma lote, kutoka mhuri wa juu mpaka jina la mpiga chapa.

Halikusema cheti kimoja. Lilisema kila atakayepata alama sitini kwa mia atapewa cheti. Mmoja au wawili, wote wangeweza kufaulu. Clément hakuwa kikwazo cha Godefroid hata kidogo, na wote wawili walijua kusoma.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na sharti. Yeyote atakayeonekana amepanda mti bila kujifunga kamba, siku ya mtihani au siku ya kazi, atafutwa kwenye orodha na kazini siku hiyo hiyo, na nyumba ya kambi ataiacha.

Adalbert aliandika sharti hilo kwenye daftari lake. Kisha, kwa kuwa ilikuwa Oktoba, akaliandika tena.

*

Godefroid Mumba alikuwa kijana mpana, mtulivu, mwenye mikono mikubwa ambayo sasa aliiweka juu ya magoti. Katika dirisha dogo la buloko kulikuwa na ua moja la mjakaranda lililoletwa na upepo. Alikuwa ameliweka katikati ya ukingo, sawasawa kabisa, umbali ule ule kulia na kushoto.

"Ulikula?" Adalbert alimuuliza.

"Nilikula, baba. Clément alikwisha kuamuka?"

"Anaamuka, analala. Homa."

"Mguu?"

Adalbert alimtazama upya. Katika miaka kumi na mmoja ya kazi alikuwa ameona watu watatu waliotaka kuua wenzao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mguu.

"Godefroid, tawi ya nguvu inakatwa mara ngapi?"

Kijana aliinua kichwa, ameshangaa. Halafu, kama mtu aliyefunguliwa bomba, akajibu: "Mara tatu. Ya kwanza ku chini, juu gome isipasuke. Ya pili ku juu, mbali kidogo, tawi inaanguka. Ya tatu karibu na muti. Ile ya tatu inapaswa kuwa laini. Mara moya, kisu ikali, bila kurudia. Kidonda laini inapona, kidonda ya kupasuka-pasuka inaoza."

"Muzuri sana." Adalbert akaweka mezani ncha mbili za kamba, moja kando ya nyingine. "Angalia sasa."

Ncha zilikuwa laini. Hakuna uzi uliovutika, hakuna uliorefuka kuliko wenzake. Ukizigusanisha, kamba ilionekana nzima.

"Komisaa anasema ulikata nusu mbele, Clément apande, imalize kukatika kule juu. Lakini kamba ya vile inakatika namna gani? Nusu inakatwa, nusu inapasuka. Hii haikupasuka hata kidogo. Ilikatwa yote, mara moya, na ilikuwa haibebe mutu. Na kamba yenye kukatwa yote, Clément angeiona. Haiko kipofu. Na Jumanne ilikuwa mukavu, Godefroid, wino ya karatasi inaonyesha. Muti ilikuwa na mayi, na hii kamba ilikuwa mukavu. Ilikuwa mu kisanduku ya pousse-pousse wakati Clément alianguka."

Godefroid alikuwa anaitazama mikono yake.

"Ulitaka bantu baone kamba ilikatika yenyewe. Ulikuwa na muda kidogo, kapita anarudia na goudron. Mutu mwingine angeikwaruza na jiwe, angeivuruga. Lakini we, mikono yako haiyue kukata mubaya. Ulikata sawa vile mulifundishwa. Ya tatu, laini." Adalbert alivuta pumzi. "Haukukata juu ya kumwangusha. Ulikata kisha yeye kuanguka."

Godefroid alizigusanisha ncha mbili za kamba, akaziachanisha tena.

"Sema eyo, nikufungulie mulango," Adalbert alisema.

"Baba," Godefroid alisema, "yale maneno haiko yangu. Iko ya Clément. Kama anataka kuyasema, atayasema. Miye siwezi kusema bile bitamufukuzisha mu kazi, na yeye iko analala, hawezi kujibu."

"Kesho iko examen yako. Kama haisemwi leo, unaenda gereza. Haiko siku mbili, iko miaka."

"Nayua." Aligeukia dirisha, akalinyoosha lile ua. "Kitu moya tu, baba. Kaye yetu iko kwa Clément, ilikuwa mu shati yake. Tuko na kaye moya. Ulizo ya kwanza niliandika miye, ya pili yeye, vile vile mupaka mwisho. Kama unaweza kuniletea, nisome hata hapa."

Adalbert alimkasirikia, na papo hapo akampenda, na hakujua aandike nini kwenye safu ya majibu. Aliandika: mshukiwa anaomba daftari.

*

Hospitali ya watu weusi ilikuwa na ua mrefu wenye mijakaranda miwili, na harufu ya dawa ilichanganyika na ya maua yaliyolowa mpaka mtu ahisi kusinzia amesimama. Masœur Clotilde, mtawa mfupi aliyefundishwa Kiswahili na vitabu vya misheni, alimzuia mlangoni.

"Dakika kumi. Homa imeshuka leo asubuhi. Wewe ni mgeni wa kwanza asiye wa nyumbani kwake. Mkewe Germaine ndiye pekee niliyemruhusu, naye nilimkataza kumpa habari za kumsumbua."

"Basi hayui Godefroid iko buloko?"

"Hajui neno." Akashusha sauti. "Na jambo jingine. Daktari amesema mguu ule hautapanda mti tena. Hata ngazi, labda. Hilo pia hajui. Usimwambie leo."

Adalbert alisimama kidogo ukumbini baada ya masœur kuondoka. Hesabu ilikuwa wazi na ilimchoma. Kama Clément angejua kwamba mguu umekwisha, angeweza kukiri chochote, kwa maana cheti kingekuwa kimeshapotea. Na komisaa angesema, huyu anamwokoa rafiki yake kwa sababu hana cha kupoteza. Lakini ushahidi wa mtu anayejiumiza mwenyewe kwa kusema una uzito ambao hakuna komisaa anayeweza kuutupa. Kwa hiyo ilimfaa Clément asijue. Adalbert aliona aibu kwamba ilimfaa.

Clément Bwalya alikuwa amelala kando ya dirisha, uso umekonda, macho makubwa. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, kutoka kwa Wabemba, ambako wanaume hupanda miti na kukata matawi yote kwa shoka, ili wake zao wayakusanye, yachomwe, na ulezi upandwe kwenye majivu. Mikono yake, ndani kuanzia kiwiko mpaka kiganja, ilikuwa na michubuko iliyoanza kukauka. Kifuani pia. Adalbert aliiona mara moja. Mtu hapati michubuko ya hivyo kwa kukaa ndani ya kamba. Anaipata kwa kulikumbatia shina.

"Mwoyo, tata," Clément alimsalimu. "Uko wa polisi? Nilikuwa naota muti inanishusha polepole, sawa mama anashusha mutoto. Halafu naamuka, naona haikunishusha polepole."

"Pole, ndugu yangu. Unasoma bado?"

Clément aliingiza mkono chini ya mto, akatoa kaye, daftari la kurasa zilizovimba kwa mvua, lenye ua lililokauka kati yake. "Kesho iko examen. Masœur anasema nisahau. Lakini niliambia Germaine: bakinibeba na kitanda, nitajibu ile ya kusema. Ile ya kupanda nitafanya kisha."

"Nikuulize?"

Uso wa Clément uling'aa. Adalbert alifungua kaye. Maswali ya kwanza, ya tatu, ya tano, yaliandikwa kwa herufi zilizosimama. Ya pili, ya nne, ya sita, kwa herufi zilizolala kama majani kwenye upepo.

"Ya kwanza. Tawi ya nguvu inakatwa mara ngapi?"

"Tatu. Chini, juu, na ya mwisho laini."

"Ya pili. Kidonda ya muti unafanya nini?"

"Unaacha ikauke. Kisha unapakala goudron. Kama unapakala iko na mayi, inaoza ku ndani, na ku inje unaona iko muzuri."

"Ya tatu. Jacaranda inakatwa wakati gani?"

"Kisha maua. Lakini tawi yenye kukufa, siku yote." Alikuwa anajibu macho yamefumbwa, midomo ikitabasamu. Upepo ulisukuma maua mawili ndani ya dirisha, yakatua juu ya blanketi.

Adalbert alifunua ukurasa. Alitamani swali la nne lisingekuwepo.

"Ya nne. Mbele ya kupanda, mupogoaji anafanya nini?"

"Mbele ya kupanda," Clément alianza upesi, "mupogoaji anaangalia kamba yake yote, anajifunga, anaivuta mara tatu, hata kama muti iko mufupi, hata kama hakuna mutu anamuona..."

Akafumbua macho.

"Njo we uliandika hii," Adalbert alisema taratibu. "Herufi iko yako."

"Iko yangu."

"Na Jumanne?"

Clément aligeukia dirisha, kwenye mijakaranda ya uani iliyokuwa ikidondosha maji.

"Tata," Clément alisema, "kwetu mwanaume anapanda na mikono. Baba yangu alikuwa anamaliza miti makumi mbili mbele jua ifike katikati, na bamama beko chini banaangalia. Kujifunga kamba, kwetu, iko ya mbuzi. Godefroid ananisumbua kila siku: jifunge, jifunge. Jumatatu alinitupia kamba ku miguu. Nikacheka. Nilisema, siku ya examen nitajifunga, bazungu bafurahi. Jumanne nikapanda vile tu. Maua ilikuwa mingi, na mayi. Nilikanyaga maua."

"Na ile kamba mu kiuno?"

Clément alikunja uso, akitafuta ndani ya homa yake. "Namuona Godefroid analia. Ananifunga kitu huku ku tumbo. Nilizania ananivalisha mukaba, tuende misa." Mara macho yake yakakaza. "Iko wapi Godefroid? Hakukuya hata siku moya."

"Iko buloko tangu Jumanne. Banasema alikata kamba yako juu ya kukuua. Anaweza kujiokoa na neno moya, lakini hataki. Anasema maneno iko yako."

Clément alijaribu kuinuka. Maumivu yalimrudisha kwenye mto, na jasho likamtoka usoni. Alilia bila kujificha, kama watu wanavyolia msibani.

"Andika," alisema.

"Clément, unayua sharti. Kama naandika, leo jina yako inatoka mu liste. Kazi inaisha. Nyumba ya camp vilevile, na Germaine."

"Nayua. Nilisoma mbele ya kila mutu. Andika, baba! Nilipanda bila kamba. Kamba ilikuwa mu kisanduku. Godefroid alikata kisha, juu ya kunichunga. Andika sasa, mbele niogope."

Adalbert aliandika mara moja tu. Clément alitia sahihi kwa herufi zake zilizolala. Kisha alikaa akiitazama karatasi kama mtu aliyepanda juu sana na sasa anaangalia chini.

"Iko bado mwaka kesho," alisema. "Mwaka kesho nitafanya examen. Na kamba."

Mguu ulikuwa umelala kati yao chini ya blanketi, umefungwa, mnene. Adalbert aliangalia maua mawili, kisha dirisha.

"Eyo," alisema. "Mwaka kesho."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika kesi hiyo, na hakuuandika popote. Clément akampa kaye.

"Umupe. Mwambie ya sita nilikosea, Germaine alinisomea tena. Goudron haipakaliwi ku tawi ndogo."

*

Komisaa alisoma maelezo mara mbili, akagusa ncha za kamba, akatazama kikaratasi chenye wino ulionyooka na kile chenye kiraka, akakoroma. Godefroid alitoka kabla jua halijazama. Alipoambiwa nani amesema, hakushukuru. Alikaa kwenye ngazi ya komisaria, kaye magotini, na mabega yake yakatikisika mpaka mlinzi akaona haya na kugeukia upande mwingine.

Jumamosi asubuhi Adalbert alisimama ng'ambo ya barabara, mbali kidogo na meza ya watahini. Waliita jina la kwanza, Bwalya, na mtu akalipiga mstari. Waliita la pili. Godefroid alipewa kamba mpya. Aliikagua yote, kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, akajifunga, akaivuta mara tatu. Mtahini alikuwa bado anachonga penseli na hakuwa anamwangalia. Kisha akapanda, na mti ukamfunika kwa maua yake.

Adalbert hakusubiri matokeo. Alisikia makofi akiwa tayari njiani kuelekea hospitali. Alikuwa amepanga maneno. Kwanza habari za Godefroid, kisha za mguu. Aliyarudia kila mtaa, na kila mtaa yakawa mabaya zaidi.

Clément alimwona anaingia. "Alipata?"

"Alipata. Alivuta mara tatu."

Clément alicheka kwa furaha tupu, akapiga blanketi kwa kiganja. Adalbert akavua kofia.

"Clément, iko neno ingine. Jana nilikudanganya. Ule mguu..."

"Nayua, tata."

"Unayua nini?"

"Tangu juzi. Niliambia bidole bicheze, bikakataa. Na masœur anapokuya kunisafisha anaimba sana, sawa mutu mwenye kuficha kitu. Mupogoaji anayua tawi yenye kukufa." Alisema hayo bila kugombana na mtu.

"Basi juu ya nini jana ulisema mwaka kesho?"

Clément alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa.

"Juu yako, baba. Uso yako ilikuwa mubaya sana. Niliona huyu mutu anapaswa kurudia kwake na kitu."

Adalbert alikaa pale pale kitandani, jambo ambalo masœur Clotilde alikuwa amelikataza kabisa, na hakusimama mpaka alipokuja kumfukuza.